Hadubini za Kuchapwa na Mitego ya Kushonwa: Vifaa Huria vya Maabara katika Bonde la Kilombero

Bonde la Kilombero, lililolala kati ya safu ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge, limekuwa uwanja wa utafiti wa magonjwa ya kitropiki kwa zaidi ya miaka 70, na katika muda huo wote suala la vifaa vya kufanyia utafiti limekwenda bega kwa bega na suala la magonjwa yenyewe. Rudolf Geigy, mwanazuolojia kutoka Basel nchini Uswisi, alifika Ifakara kwa mara ya kwanza mwaka 1949, akifuatilia pamoja na mambo mengine papasi na homa wanayoieneza, na mwaka 1957 maabara ndogo ya Taasisi ya Uswisi ya Magonjwa ya Kitropiki ikaanza kazi mjini hapo. Maabara hiyo ndiyo iliyokua hatua kwa hatua hadi kuwa Taasisi ya Afya Ifakara, chombo cha Kitanzania ambacho leo kina matawi Bagamoyo na Dar es Salaam, na ambacho jina lake hutajwa popote panapozungumziwa malaria.

Katika maabara hiyo, hadubini, mizani, majokofu na vipuri vyake vilitoka ng'ambo, vikapita bandarini, vikasafirishwa hadi kwenye mji ambao masika huuzingira kwa maji, na kifaa kilipoharibika mtu wa kukitengeneza alikuwa mbali kuliko kifaa chenyewe kilivyokuwa ghali. Hali hiyo si ya Ifakara peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliokusanya orodha za vifaa tiba kutoka nchi mbalimbali zenye kipato kidogo, ulikadiria kuwa karibu asilimia 40 ya vifaa hivyo havikuwa vikifanya kazi, na yeyote aliyewahi kuingia katika stoo ya hospitali ya wilaya atalitambua rundo hilo bila kuonyeshwa takwimu. Mara nyingi kinachokosekana ni kijisehemu kidogo, kama vile taa, fyuzi au gia ya plastiki, ambacho mtengenezaji hauzi peke yake na ambacho mchoro wake hakuutoa kwa mtu yeyote.

Jibu mojawapo lililojitokeza katika miaka ya karibuni ni vifaa huria vya maabara. Kifaa huitwa huria pale ambapo michoro yake, orodha ya sehemu zake na maelekezo ya kukiunda vimewekwa wazi kwa umma, chini ya leseni inayomruhusu yeyote kuvisoma, kuvibadilisha, kuunda kifaa hicho na hata kukiuza, kwa namna ileile ambayo programu huria za kompyuta zimekuwa zikisambazwa kwa miongo kadhaa. Kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN kilitunga leseni mahususi ya vifaa vya aina hiyo, na toleo lake la pili lilitoka mwaka 2020. Barani Afrika, wabunifu wa vifaa huria vya sayansi walikutana Kumasi, Ghana, mwaka 2018, na mwaka uliofuata mkutano wao ukafanyika Dar es Salaam.

Pamoja na vifaa hivyo limekuja wazo la baiolojia ya jamii, yaani uchunguzi wa viumbe hai unaofanywa na watu wasio wanasayansi kwa taaluma, nje ya kuta za vyuo vikuu. Katika miji ya Ulaya na Marekani wazo hilo kwa kawaida humaanisha ukumbi wa kukodi ambamo watu wenye nafasi na udadisi hukutana jioni kufanya majaribio. Katika Kilombero halina sura hiyo, wala halihitaji kuwa nayo. Hapa wanajamii wanaofanya baiolojia ni wakulima wa mpunga wanaokesha wakikamata mbu, vijana wa kijiji waliofundishwa kutambua spishi ya mbu kwa kuwatazama mabawa na miguu, na wahudumu wa afya wanaotoboa vidole vya watoto, na kwa wengi wao kazi hiyo ni sehemu ya riziki kuliko burudani.

Hadubini isiyo na reli

Kifaa huria kinachojulikana zaidi miongoni mwa vile ambavyo Taasisi ya Afya Ifakara imeshiriki kuviendeleza ni hadubini iitwayo OpenFlexure. Ubunifu wake ulianzia Chuo Kikuu cha Cambridge, ambako Richard Bowman na wenzake walichapisha mwaka 2016 maelezo ya meza ya hadubini iliyochapwa kwa plastiki kama kipande kimoja, na baadaye kazi ikahamia Chuo Kikuu cha Bath na hatimaye Glasgow. Mshirika wa utengenezaji nchini Tanzania alikuwa STICLab ya Dar es Salaam, walikofanya kazi Valerian Sanga na Paul Nyakyi, huku wataalamu wa taasisi ya Ifakara wakiingia upande wa malaria. Makala ya pamoja ya mwaka 2020 ilieleza kuwa hadubini zaidi ya 100 zilikuwa zimekwisha kuundwa Tanzania na Kenya kwa ajili ya elimu, utafiti na majaribio ya kitabibu.

Ili kuelewa kwa nini plastiki inaweza kufanya kazi ambayo kwa zaidi ya karne moja ilifanywa na shaba na chuma cha pua, ni lazima kwanza kuelewa kile ambacho mpimaji wa malaria hukitafuta. Tone la damu hutandazwa kwenye kioo, hutiwa rangi ya Giemsa, kisha hutazamwa kwa lenzi yenye nguvu ya mara 100 iliyozamishwa katika tone la mafuta, na ukijumlisha lenzi ya jicho ukuzaji hufika mara 1000. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa maikromita saba au nane, maikromita ikiwa ni sehemu moja ya milioni ya mita, na kimelea kichanga kilichomo ndani yake ni kidogo zaidi ya hapo, hivyo kwamba mkono ukitikisika kidogo tu picha hupotea. Mpimaji hatakiwi kusema damu haina vimelea kabla hajatazama angalau maeneo 100 ya kioo hicho, na katika kituo chenye foleni ndefu kazi hiyo huchosha macho mapema kuliko siku inavyoisha.

Hadubini ya kawaida husogeza kioo kwa reli na gia zilizopakwa grisi, ambazo hulegea, huingiwa na vumbi, na huhitaji fundi aliyesomea. OpenFlexure haina reli. Meza yake imeshikwa na vijiguu vyembamba vya plastiki ambavyo hupinda kidogo vinaposukumwa na kurudi mahali pake vinapoachwa, na kwa kuwa hakuna sehemu inayoteleza juu ya nyingine, hakuna cha kupaka grisi wala pengo la kufanya meza icheze. Skrubu inayozungushwa na mota ndogo husukuma wenzo, nao wenzo hupunguza mwendo huo hadi hatua zilizo ndogo kuliko sehemu ya kumi ya maikromita, ilhali eneo zima ambalo meza inaweza kulizunguka ni milimita 12 kwa 12, na milimita nne kwenda juu na chini. Badala ya jicho kuna kamera ndogo iliyounganishwa na kompyuta ya Raspberry Pi, inayoweza kulenga yenyewe, kupita eneo moja hadi jingine na kuhifadhi picha ili mtaalamu mwingine aliye mbali azitazame.

Ustadi huo una mipaka, na watetezi wa vifaa huria hawaitaji mara nyingi inavyostahili. Plastiki inayotumika zaidi, iitwayo PLA, hulegea joto linapokaribia nyuzi 60, na gari lililofungwa vioo likaachwa juani katika bonde hili halihitaji saa nyingi kufika huko. Lenzi hazichapwi, kamera haichapwi, na kompyuta ndogo inayoendesha yote hutoka kiwandani Uingereza. Dunia ilipopungukiwa na kompyuta hizo katika miaka ya 2021 na 2022, uwazi wa mchoro haukumwezesha mtu yeyote kuzipata. Kwa hiyo kusema kwamba hadubini imetengenezwa Tanzania ni kweli kwa maana moja muhimu na si kweli kwa maana nyingine. Iliyo muhimu ni hii, kwamba mtu aliyeiunda yupo saa chache kutoka kwa mtumiaji, anajua kila skrubu iliko, na kipande kilichovunjika kinaweza kuchapwa upya kesho yake.

Mtego kama chombo cha kupimia

Hata hivyo, hadubini si kifaa kinachoeleza vizuri zaidi ubunifu wa Ifakara. Kabla printa za 3D hazijasikika katika bonde hili, watafiti wake walikuwa wakibuni mitego ya mbu kwa turubai, mbao, wavu na nyaya, wakishirikiana na mafundi cherehani na maseremala wa mjini, na mitego hiyo, ingawa haikuitwa huria, ilikuwa na sifa nyingi za vifaa huria: ilitokana na mali ghafi ya dukani, iliundwa na watu wa mahali hapo, na maelezo yake yalichapishwa katika majarida ambayo mtu yeyote anaweza kuyasoma bila malipo.

Mtego wa mbu hutazamwa na wengi kama kitu cha kuwaondoa, lakini kwa mtafiti ni chombo cha kupimia, sawa na mizani au kipimajoto. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilionyeshwa kwamba katika kijiji cha Namawala mkazi mmoja aliweza kuumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Namba kama hiyo hupatikana kwa kuzidisha idadi ya mbu wanaokadiriwa kumfikia mtu mmoja kwa sehemu ya mbu waliokutwa na vimelea, na kwa hiyo ubora wake hauwezi kuzidi ubora wa mtego. Mtego ukikamata nusu ya mbu waliopo, maradhi nayo yataonekana nusu ya ukubwa wake.

Kwa miaka mingi njia iliyoaminiwa kuliko zote ilikuwa kumketisha mtu, miguu ikiwa wazi, akikamata kila mbu anayetua kabla hajauma. Njia hiyo hutoa namba nzuri, lakini humweka mkamataji hatarini na humchosha, na hata anapopewa dawa za kumkinga bado linabaki swali la maadili. Nicodem Govella na wenzake walibuni hema ambalo lilielezwa katika Jarida la Malaria mwaka 2009 na linalojulikana kwa jina la mji wa Ifakara: mtu hulala ndani akiwa amekingwa, mbu huvutwa na harufu yake, huingia kwa matundu yenye umbo la faneli, na hunaswa katika chumba cha pembeni bila kumfikia. Jijini Dar es Salaam mahema hayo yaliwekwa mikononi mwa wakazi wa kawaida, ambao waliyatega mtaani mwao kwa ratiba huku kazi yao ikikaguliwa kwa kushtukiza, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 na Prosper Chaki pamoja na wenzake yalionyesha kwamba namba zilizokusanywa na wakazi hao zilifuatana na hatari halisi ya maambukizi. Kwa anayetafuta baiolojia ya jamii nchini Tanzania, huo ni mfano wenye uzito kuliko maonyesho mengi ya teknolojia.

Hatua nyingine ilikuwa mtego wa umeme ulioelezwa na Deodatus Maliti na wenzake mwaka 2015, ambao huizunguka miguu ya mtu kwa paneli za nyaya zenye umeme wa volti nyingi zinazoua mbu kabla hawajamfikia, na toleo lake lililoboreshwa lilifuata mwaka 2016. Nancy Matowo naye, akiwa na Fredros Okumu na wengine, alieleza mwaka 2013 kisanduku cha mbao chenye harufu ya kutengenezwa inayofanana na ya binadamu, kinachovuta na kuua mbu wanaouma nje ya nyumba, na baadaye kikaongezewa nyaya za umeme wa jua. Seremala wa Ifakara anaweza kukiunda kisanduku cha namna hiyo kwa msumeno na randa, ingawa vigezo vyake vingine havionekani kwa macho: harufu gani, kwa kiasi gani, upepo utoke wapi, na miguu ya kisanduku ikingwe vipi ili sisimizi wasile mavuno ya usiku kabla hayajahesabiwa.

Kila mtego mpya hulazimika kupimwa dhidi ya mingine, na jinsi upimaji huo unavyofanyika inastahili kuelezwa, kwa kuwa hapo ndipo uwazi wa ubunifu unapopata maana ya kisayansi. Nyumba mbili hazivuti mbu sawa, wala watu wawili, wala siku mbili. Watafiti hutumia mpangilio uitwao mraba wa Kilatini, ambamo mitego huhamishwa kila usiku kutoka kituo kimoja hadi kingine mpaka kila mtego uwe umekaa kila mahali mara sawa, na hivyo tofauti za mahali zinafutana. Mpangilio huo, hata hivyo, hautambui tofauti iliyomo kati ya mitego miwili inayodhaniwa kuwa mmoja. Fundi cherehani akiongeza upana wa tundu kwa sababu turubai ilibaki, au akibana faneli kwa sababu uzi uliisha, hema litakalotoka mkononi mwake litakuwa chombo tofauti chenye jina lilelile, na hesabu zote za baadaye zitayachanganya mawili hayo bila mtu kujua.

Maandishi ambayo hayalipwi

Hapo ndipo kiini cha jambo kilipo. Maandishi yanayoeleza namna ya kuunda kifaa cha maabara huchukuliwa kama hisani anayoitoa mbunifu baada ya kazi halisi kwisha, ilhali kwa kifaa kinachopima, maandishi hayo ni sehemu ya kipimo, kwa sababu pasipo hayo hakuna anayeweza kujua kama mbu 40 wa kijiji cha kwanza na mbu 40 wa kijiji cha pili wamehesabiwa kwa kitu kimoja. Makala ya kisayansi haitoshi. Hata inapokuwa wazi kwa wote, hupewa aya chache tu za kueleza mbinu, na aya hizo huandikwa kumshawishi mhakiki kwamba jaribio lilikuwa sahihi. Hazikuandikwa kumwongoza fundi aanze na kipande gani, upande upi wa wavu utazame nje, au afanye nini endapo kitambaa kilichotajwa hakipatikani. Michoro huonyesha umbo lililokamilika, na mtu aliyewahi kushona au kuranda anajua kwamba umbo lililokamilika haliwezi kukuambia mpangilio wa kazi iliyolizaa.

Wabunifu wa OpenFlexure walilitambua tatizo hili mapema na wakaligeuza kuwa kazi ya kiuhandisi. Kifaa kizima kimechorwa katika programu ya OpenSCAD, ambamo umbo huandikwa kama maandishi yenye vipimo, hivyo mtu anayetaka kutumia kamera au lenzi tofauti hubadilisha namba badala ya kuchora upya, na tofauti kati ya toleo la jana na la leo huonekana mstari kwa mstari. Kwa upande wa maelekezo, Julian Stirling na wenzake walitengeneza programu iitwayo GitBuilding, ambayo mwandishi wa maelekezo huitumia kutaja kila sehemu na kila kifaa cha kazi mahali kinapohitajika, nayo programu hujumlisha yenyewe orodha kamili ya vitu vya kununua. Manufaa yake ni makubwa kuliko yanavyosikika, kwa sababu kosa la kawaida kuliko yote katika maelekezo ya kuunda kitu ni orodha inayosema skrubu 12 na hatua zinazohitaji 14. Mwaka 2020 kundi hilo lilichapisha makala nyingine iliyohusu mahususi changamoto za kiufundi za kubuni hadubini moja kwa pamoja kati ya Uingereza na Tanzania, na kuchapisha ugumu badala ya kuuficha ni desturi ambayo ingefaa kuigwa na miradi mingine ya ushirikiano.

Ugumu wenyewe si vigumu kuufikiria kwa anayejua maduka ya bonde hili. Skrubu yenye kipenyo cha milimita tatu, ambayo mjini Bath hununuliwa kwa pakiti bila kufikiri, si ajabu kukosekana katika duka la vifaa vya ujenzi la Ifakara lililozoea misumari, skrubu za mbao na nati za pikipiki. Printa ya 3D hufanya kazi saa nyingi mfululizo kwa kipande kimoja, na umeme ukikatika katikati kipande hicho kwa kawaida hutupwa. Plastiki inayonyonya unyevu wa masika hutoa uzi wenye mapovu na vijiguu dhaifu, na vijiguu ndivyo moyo wa hadubini hii. Maelekezo yanayosema tu kwamba kipande kichapwe yameruka yote hayo. Maelekezo mazuri yangesema plastiki ihifadhiwe vipi, kipande kibaya kinatambuliwaje kabla ya kufungwa, na skrubu ipi nyingine inaweza kutumika bila kuharibu kipimo, na yangesema hivyo kwa Kiswahili, kwa kuwa fundi aliyetoka chuo cha ufundi stadi anaweza kuwa na mikono bora kuliko mhandisi huku Kiingereza chake kikiishia kwenye majina ya vipuri.

Suala la nani aandike halipaswi kudhaniwa kuwa limekwisha kujibiwa. Mbunifu ndiye mwandishi mbaya kuliko wote wa maelekezo ya kifaa chake, kwa sababu mambo anayoyajua zaidi ndiyo asiyoyaona tena. Anayefaa ni mtu wa pili, yule aliyekiunda mara ya kwanza kwa kutumia maandishi peke yake na akakwama, naye kila alipokwama ni mahali panapohitaji sentensi. Katika mazingira ya Ifakara mtu huyo yuko tayari: ni fundi cherehani wa mahema, seremala wa visanduku, kijana wa kijiji anayebadilisha betri za mitego alfajiri. Maarifa yao huhamishwa kwa kuonyeshana, na hufanya kazi vizuri sana mpaka siku mmoja wao anapohamia Morogoro au mradi unapokwisha.

Kwamba wakazi wanajua mambo yanayostahili kuandikwa si dhana tu. Katika vijiji vya Kivukoni, Minepa na Mavimba, upande wa Ulanga ng'ambo ya Mto Kilombero, watafiti waliwaomba wakazi waweke alama kwenye ramani za kuchorwa kwa mkono, zilizogawanywa katika miraba ya mita 200 kwa 200, kuonyesha wapi wanaamini mbu wako wengi zaidi. Ramani hizo zililinganishwa na hesabu za mitego, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba kwa jumla wakazi walikuwa wakisema kweli. Katika utafiti mwingine, ulioongozwa na Emmanuel Kaindoa, vijana wa vijiji walifundishwa kutafuta makundi ya mbu dume yanayocheza hewani jua linapozama, tukio la dakika chache ambalo mgeni hulipita bila kuliona. Yeyote anayebuni kifaa cha kutega au kunyunyizia makundi hayo atahitaji macho ya vijana hao kabla ya kuhitaji kompyuta.

Mahitaji ya vipimo makini yameongezeka badala ya kupungua. Vyandarua vyenye dawa vilipoenea bondeni, mbu aina ya Anopheles gambiae, aliyekuwa mwenezi mkuu, karibu alitoweka, na kwa sasa Anopheles arabiensis ndiye anayeonekana kwa wingi. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba maambukizi zaidi ya asilimia 80 yalitokana na Anopheles funestus, ambaye hukamatwa kwa uchache zaidi katika mitego na ambaye amejenga usugu dhidi ya dawa za vyandarua. Mbu wachache wenye madhara makubwa ni mtihani mgumu kwa chombo chochote. Mkulima anayehamia shambani msimu wa mpunga na kulala katika dungu lisilo na kuta hukutana na mbu mahali ambapo mtego wa chumbani haufiki, na kifaa cha kumpimia hatari yake ni lazima kibebeke kwa baiskeli, kivumilie matope, na kiendeshwe na mtu wa huko huko.

Upande wa hospitali una ukali wake. Nchini Tanzania vifaa tiba husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, iliyochukua jina hilo mwaka 2019, na msimamizi wa aina hiyo popote duniani hutaka kujua kwamba kifaa kilichotumika kwa mgonjwa ni kilekile kilichopimwa na kuidhinishwa. Uhuru wa kubadilisha, ambao ndio fahari ya vifaa huria, hugeuka hapo kuwa tatizo: hadubini ambayo kila fundi anaweza kuiboresha ni hadubini ambayo hakuna anayeweza kuithibitisha. Wako wanaoona kwamba mgongano huo unaua wazo zima, na hoja yao haistahili kupuuzwa, kwa sababu majibu ya uongo ya malaria huua mtoto bila kujali leseni ya kifaa. Lakini mgongano huo ni mdogo kuliko unavyoonekana. Hadubini ya shule ya sekondari au ya maabara ya mbu inaweza kubaki huru kabisa. Ya kupimia wagonjwa hufungwa kwenye toleo moja lenye namba, na mabadiliko yake hupita kwenye utaratibu wa ubora, kama kiwango cha kimataifa cha ISO 13485 kinavyotaka kwa watengenezaji wa vifaa tiba.

Utaratibu huo unadai kumbukumbu za kila badiliko, sababu yake, tarehe yake na aliyelifanya, na kwa kampuni inayoficha michoro yake kumbukumbu hizo huandaliwa kwa ajili ya mkaguzi peke yake. Mradi huria wa OpenFlexure huziweka hadharani tangu siku ya kwanza kwa namna unavyofanya kazi. Kinachobaki kuandikwa ni upande wa karakana: plastiki ilitoka bunda lipi, printa ipi ilitumika, vijiguu vilikaguliwa na nani, na hadubini hiyo ilipelekwa wapi. Fedha za miradi ya utafiti hulipia kielelezo cha kwanza na makala ya kwanza, lakini fungu la mtu wa kukaa na daftari la kumbukumbu hizo mwaka wa tano, wakati printa imezeeka na nusu ya mafundi wamebadilika, kwa kawaida halimo katika bajeti.